JE, BLUETOOTH YAWEZA KUPIMA UMBALI?

Watu wengi waijua Bluetooth kwa kupelekeana picha na nyimbo kutoka simu moja hadi nyingine. Lakini inayo kazi ya pili isiyojulikana sana, nayo ni kukisia umbali uliopo baina ya simu mbili. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, nchi ya Singapore ilitoa programu ya simu iitwayo TraceTogether. Programu hiyo iliweka kumbukumbu ya simu zilizokaribiana, ili mtu akionekana ana ugonjwa, wale waliokaa karibu naye wapate habari. Nchi nyingine nyingi zilifanya vivyo hivyo. Basi yafaa tujue simu hukisiaje umbali, na yatupasa kuiamini kwa kiasi gani.

Bluetooth ni mawimbi ya redio. Simu inayopokea haiioni simu ya pili, wala haina kamba ya kupimia. Ijuacho ni nguvu ya mawimbi yaliyoifikia. Fikirini kandili liwakalo uwanjani usiku. Ukiwa karibu, mwanga ni mkali. Ukienda mbali, hufifia. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga ukufikiao huwa robo. Ukiwa mara tatu, huwa sehemu moja ya tisa. Mawimbi ya Bluetooth nayo, yakiwa mahali peupe pasipo kizuizi, hufuata kanuni hiyo hiyo.

Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, ikilinganishwa na miliwati moja. Kwa kuwa nguvu inayofika ni ndogo mno, namba zake huwa hasi: hasi 60 maana yake ni sehemu moja ya milioni ya miliwati. Nguvu ikipungua ikawa robo, desibeli hupungua 6 hivi. Tuchukue mfano. Simu fulani ikiwa mita 1 husomeka hasi 59. Kwa hiyo kwa mita 2 itasomeka hasi 65, kwa mita 4 hasi 71, na kwa mita 8 hasi 77. Programu huigeuza hesabu hiyo: ikisoma hasi 71, husema kwamba simu ya pili iko mita 4.

Hapo ndipo penye taabu. Ukiona mwanga wa kandili ni hafifu, huenda liko mbali; lakini huenda pia liko karibu na chemni yake ina masizi, au mtu amesimama mbele yake. Mwili wa mwanadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi haya. Tuseme simu iko katika mfuko wa nyuma, na mwili umepunguza desibeli 12. Jirani aliye mita 1 atasomeka hasi 71, na programu itamhesabu kuwa yuko mita 4. Kinyume chake pia hutokea. Ukuta mwembamba huzuia pumzi ya mgonjwa lakini huyapitisha mawimbi, na watu wa vyumba viwili huhesabiwa kama wamekaa pamoja. Chuma nacho huyarudisha mawimbi kama mwangwi, yakaongezeana nguvu mahali hapa na kupunguzana mahali pale.

Mwaka 2020 wataalamu wa Trinity College, mjini Dublin, walilijaribu jambo hili ndani ya tramu, yaani gari la abiria lipitalo juu ya reli mjini. Walipima umbali wa kweli baina ya abiria, kisha wakatumia kanuni za programu za nchi tatu. Kanuni za Uswisi na Ujerumani hazikumwonya mtu hata mmoja. Ile ya Italia iliwaonya nusu ya waliostahili kuonywa, na nusu ya wasiostahili pia. Hiyo ni sawa na kurusha shilingi juu na kutazama upande ulioangukia.

Makosa haya si ya mchezo. Asiyeonywa aweza kuwaambukiza watu wa nyumba yake bila kujua. Na aonywaye bure hufungiwa ndani, akakosa kazi yake.

Je, tuiache njia hii? La. Yatupasa kuitumia kwa kadiri yake. Kwanza, programu isome mara nyingi na kuchukua wastani. Pili, kila aina ya simu ipimwe kwanza kwa mita 1, maana simu hazifanani. Tatu, jibu liwe "karibu" au "mbali", wala si mita na sentimeta. Panapohitajika kipimo cha hakika, iko njia nyingine ya kupima muda wa safari ya mawimbi, ambayo huenda sentimeta 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Bluetooth toleo la 6.0, lililotangazwa mwaka 2024, lina njia mpya ya kupima umbali isiyotegemea nguvu peke yake.

Mwenye nafasi wakati wa likizo na ajaribu mwenyewe. Ziko programu za bure zionyeshazo nguvu ya Bluetooth. Weka simu mbili umbali wa mita 1, kisha 2, kisha 4, na uandike namba kila mara. Kisha zirudishe mita 1, umwambie ndugu yako asimame katikati, usome tena. Ukiona namba imeshuka hali simu hazikusogea, utakuwa umejua kwa nini onyo la simu lahitaji kuangaliwa na mtu kabla ya kuaminiwa.