SOMO LA FAMILIA: MAMA ALIYELINDA WANAWE MWAMBANI

Masomo: 2 Samweli 21:8-14, Mwanzo 37:31-35

Vijana wa kwaya wameomba ruhusa ya kutengeneza filamu fupi juu ya wazazi wa Rumonge waliopoteza watoto. Simu yenye kamera wanayo, na wazee wa kanisa wamekubali. Nilipowauliza wataanzaje, walisema watamkalisha mama mmoja mbele ya kamera na kumuuliza maswali mpaka alie. Ndiyo maana nimeandika somo hili, kwao na kwa kila nyumba itakayoombwa kushiriki.

Tumwangalie kwanza Rispa. Wanawe wawili waliuawa pamoja na wajukuu watano wa Sauli, na miili ikaachwa mlimani bila kuzikwa. Rispa akatwaa gunia, akalitandika mwambani, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama. Tafuteni katika sura hiyo neno lolote alilolisema. Halipo. Wala hatuambiwi kwamba alilia. Tunaambiwa alichokifanya, na habari hiyo ndiyo iliyomfikia mfalme Daudi, hata mifupa ikakusanywa na kuzikwa. Mtu wa kupiga filamu angehitaji gunia, mwamba na subira tu.

Upendo wa mzazi haufi siku mtoto anapokufa. Unabaki bila mtu wa kuupokea, kwa hiyo unatafuta kazi. Sisi wa Rumonge tunaijua kazi hiyo. Usiku, wavuvi wa ndagala wakishatoka na taa zao, ziwa huonekana kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, kwa sababu mwanga wake unashinda taa na samaki hawakusanyiki. Mama ambaye mtoto wake hakurudi kutoka majini huzihesabu taa zile. Asubuhi, akianika ndagala, hutenga fungu dogo la yule asiyekuwepo. Baba naye hushona wavu ambao hana wa kumpa. Vijana, pigeni picha ya hayo. Dakika moja ya mkono unaotenga ndagala itasema kuliko nusu saa ya maswali. Ni kweli hapa hatuna ziwa, lakini ndagala wakavu wapo sokoni na sahani ipo kila nyumba.

Wala msiseme hamna vifaa. Filamu fupi iitwayo Na Wewe, ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt, inasimulia Burundi ya mwaka 1994 kwa dakika 19, na sehemu kubwa inatokea barabarani, penye basi dogo lililosimamishwa na waasi. Mwaka 2011 iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Basi moja, barabara moja.

Sasa Yakobo. Aliletewa vazi la Yusufu lenye damu, akalitambua, akakataa kufarijiwa. Wako wanaosema kwamba mzazi anayelia baada ya miaka mingi amepungukiwa imani. Mimi sikubaliani nao. Biblia haimkemei Yakobo hata kidogo. Tukumbuke pia kwamba wengi wetu hatukupewa mwili. Machafuko yaliyoanza tarehe 29 Aprili 1972 kwetu Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini, yaliacha familia nyingi bila kaburi. Utafanyaje kuganduka, yaani kuanua matanga, wakati hukuzika? Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi ya halaiki huko Karusi. Nguo, miwani na rozari zilisaidia kuwatambua baadhi yao. Ilikuwa karibu miaka 48 imepita! Kwa hiyo yule bibi anayetunza shati kuukuu ndani ya mfuko asichekwe. Na ninyi vijana, shati hilo msilishike kabla hajawapa kwa mkono wake.

Juu ya kumwomba mzazi, nasema wazi. Aliyekubali Jumapili anaweza kukataa Jumatatu, na asidaiwe sababu. Jina lake na kilima alichotoka visitajwe, maana picha ikishaingia katika simu inavuka mipaka ambayo sisi hatuwezi kuvuka, na wengine wana ndugu waliobaki nyumbani. Msimuulize nani aliyemwua mtoto. Muulizeni mtoto alipenda kula nini, alikuwa akiitwaje na mama yake, alicheka vipi. Kama hataki kuonekana, binti mmoja wa kwaya aigize, naye aketi kando akimsahihisha namna ya kukunja nguo. Filamu ikiisha aione yeye kwanza, pamoja na mtu anayemwamini, kabla ya kanisa. Akisema sehemu fulani itolewe, itolewe. Na usiku ule asiachwe peke yake. Dada mmoja alale kwake.

Ya kuzungumza nyumbani, wazazi na watoto pamoja: katika nyumba yetu kuna kitu gani kinachotunzwa kwa ajili ya aliyepotea, na je, watoto wanajua jina lake? Rispa alikaa mwambani majuma mengi. Mnadhani ni nani aliyempelekea maji?