RAMADHANI, DARASA LA LEO: Mlango ulio karibu nawe 🌙



Leo tuanze na swali. Ukitoka mlangoni kwako hapa Lalago, nyumba ya kulia anakaa nani? Usiniambie "yule mwalimu" au "yule mama muuza vitenge". Anaitwa nani? Kwao wapi? Akiugua usiku, nani wa kumpigia simu? Wengine tumepanga ua mmoja mwaka mzima, tunachota maji bomba moja, na majibu hatuna.

Hapa kwetu ni njia panda. Wa kutoka Maswa anapita, wa kutoka Shinyanga kwa Kolandoto anapita, wote wanaelekea Mwanhuzi. Wapo wanaobaki: mtumishi kahamishiwa, fundi kapata kazi, mnunuzi wa pamba kaja na msimu. Mtu anaingia na godoro lake, anafunga mlango, na sisi tunasubiri aje yeye kusalimia. Tena akiwa si Muislamu ndiyo kabisa, tunaona hatuhusu.

Sasa tazama dini inasemaje. Katika Surat An-Nisaa aya ya 36, Allah (s.w.) ameamrisha tumuabudu Yeye peke yake, na hapo hapo, aya hiyo hiyo, akataja wema kwa wazazi, ndugu, yatima, masikini, kisha jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa Jibril alimuusia juu ya jirani mara kwa mara hadi akadhani jirani atapewa fungu kwenye mirathi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Kuhusu jirani asiye Muislamu, yupo Abdullah bin Amr (r.a.). Kwake alichinjwa mbuzi, na jambo aliloulizia ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama. Akaitaja hiyo hiyo habari ya Jibril kuwa ndiyo sababu. Basi sisi ambao huku Simiyu tumezungukwa na Wakristo na wazee wanaoshika mila za Kisukuma, tuna kisingizio gani?

Mtu atasema, "Shekhe, majirani ni wengi, futari yenyewe ya kubahatisha." Bibi Aisha (r.a.) aliuliza karibu hivyo: nina majirani wawili, nianze na nani? Akajibiwa aanze na ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Na Abu Dharr (r.a.) aliusiwa akipika mchuzi aongeze maji ili majirani wapate. Maji, ndugu zangu! Hakuambiwa aongeze nyama.

Hebu tukae kidogo kwenye hili linalogusa funga yetu. Mtume (s.a.w.) alielezwa habari za mwanamke anayesimama usiku kuswali, anafunga mchana, anatoa sadaka, ila anaudhi majirani kwa ulimi wake. Akasema hana kheri, ni wa motoni. Akatajiwa mwingine, anaswali za faradhi tu na sadaka yake ni vipande vya maziwa makavu, lakini hamuudhi mtu. Huyo akasema ni wa peponi. Vipande vya maziwa makavu kwa hesabu ya huku kwetu ni kama kiganja cha michembe. Na sisi tunashinda na njaa toka alfajiri, halafu jioni barazani, futari bado haijaiva, tunamchambua mke wa jirani!

Kuudhi si ulimi peke yake. Spika ya kuamshia daku saa tisa usiku, imeelekezwa dirishani kwa mtu mwenye kichanga. Fataki za watoto baada ya tarawehe. Wanaotuzunguka hawajafunga, na usingizi ni haki yao. Kwa maoni yangu, simu zinatosha kuamshana.

Wazee wa Usukumani wanajua thamani ya kujuana. Sungusungu ya miaka ya 1980 ilisimama juu ya hilo: mwano ukipigwa, watu wanatoka na wanajua wanakimbilia kwa nani. (Ilikuwa na makosa yake, leo tusiingie huko.) Wewe ukipiga yowe usiku, nani atajua ni sauti yako?

Basi leo kabla ya Magharibi, mlango mmoja tu. Bisha hodi, "Mwadila!", taja jina lako, uliza lake. Ukiwa na uji au viazi, beba kibakuli. Huna kitu, nenda hivyo hivyo. Na yeye akikuletea chochote, pokea kwa furaha hata kiwe kidogo, maana tumekatazwa kudharau zawadi ya jirani hata ingekuwa kwato ya mbuzi. Kama ni mama anaishi peke yake, waende akina mama.

Kesho in shaa Allah baada ya Alasiri tutaangalia jirani mwenye deni lako: umdai vipi ndani ya Ramadhani. Maswali tumeni mapema.