Kidonge cha Maumivu na Kifua cha Mwenye Pumu

Mtu mzima mwenye pumu anaumwa kichwa, anameza aspirini. Haipiti saa moja, pua inaziba na kuchuruzika, macho yanakuwa mekundu, kisha kifua kinabana na kuanza kupiga miluzi. Wengine hubanwa ndani ya nusu saa, wengine baada ya saa mbili au tatu, ndiyo maana nyumbani hulaumiwa vumbi, baridi au chakula cha jioni. Nani atakishuku kidonge alichokimeza miaka yote bila shida?

Lakini tatizo hili kwa kawaida huanza ukubwani. Si kila mwenye pumu analo: ni takriban watu wazima 7 katika kila 100 wenye pumu, na zaidi kwa wale ambao pumu yao ni kali. Wengi wao wana pua inayoziba mwaka mzima, hawasikii harufu vizuri, na wana nyama za puani zinazoota tena hata zikikatwa. Mwenye pumu na nyama za puani asimeze aspirini kabla ya kumuuliza daktari, hata kama haijawahi kumdhuru.

Kwa nini hutokea

Mwili hutengeneza prostaglandini, kemikali ambazo baadhi yake huleta maumivu na homa. Aspirini hukizuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Mwanasayansi John Vane alilionyesha hilo huko London mwaka 1971, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Maumivu yanapoa, sawa. Ila mojawapo ya prostaglandini hizo ndiyo inayozidhibiti kemikali nyingine, lukotrieni. Kwa watu hawa, ikipungua tu, lukotrieni humwagika kwa wingi: hukaza misuli ya mirija ya hewa, huvimbisha kuta zake na kuongeza makohozi. Njia inakuwa nyembamba.

Kwa hiyo hii si aleji ya kawaida, na kipimo cha ngozi hakiigundui. Aidha, kubadilisha jina la dawa hakusaidii ikiwa dawa mpya inazuia kimeng'enya kile kile. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na indometasini zote zimo, pamoja na ile sindano ya diklofenaki ambayo watu wenye maumivu ya mgongo huiomba wenyewe.

Paracetamoli huvumiliwa na wengi wao, kwa mtu mzima miligramu 500 kwa mara moja. Wakimeza 1,000 kwa pamoja, baadhi hubanwa kidogo.

Dukani

Usisubiri kuulizwa kama una aleji, maana utajibu huna. Anza wewe: "Nina pumu, nipe dawa isiyo na aspirini wala ibuprofeni." Tunavyoviogopa zaidi ni vidonge vinne vilivyokatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye kibahasha, jina la dawa limebaki dukani. Omba liandikwe. Vidonge vya mchanganyiko vya mafua na kichwa navyo visomwe, kwani baadhi vina aspirini ndani, pengine imeandikwa kwa herufi ASA.

Ukibanwa

Kaa wima, vuta salbutamoli yako kama ulivyoelekezwa, na usimeze tena dawa ile. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au dawa ya kuvuta isipomsaidia, apelekwe hospitali mara moja, na dawa aliyomeza ibebwe. Hata akipata nafuu, tukio hilo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

Anayetumia aspirini ya moyo asiiache kimya kimya kwa kusoma haya. Azungumze na daktari wake. Akionekana anaihitaji kweli na inambana, wataalamu wanaweza kumzoesha kwa dozi ndogo zinazoongezwa taratibu, wakimpima pumzi na dawa za dharura zikiwa karibu. Jambo hilo halijaribiwi nyumbani.