Kamera ya Kufunga Kwenye Darubini: Piga Hesabu Kabla Bumu Halijaisha

Nikiwa mwaka wa pili, bumu lilipoingia tu nilinunua DSLR ya mtumba yenye megapikseli 24. Nilikuwa nimeazimwa darubini na mjomba, ile ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 na urefu wa fokasi milimita 900, na kichwani nilijua kitu kimoja: kamera kubwa, picha kali. Usiku nikapanda juu ya paa la hosteli, nikaifunga, nikazungusha fokasi mpaka mwisho. Mwezi ukabaki kama chapati nyeupe kwenye ukungu. Muhula ule niliumaliza kwa kudoea.

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mwaka wa kwanza akaja chumbani: "Kaka, nina darubini, ninunue kamera ipi?" Sikumtajia kamera. Nilimuuliza maswali matatu, na ninayaleta hapa kwa yeyote mwenye wazo kama lake.

Swali la kwanza: unataka kupiga nini?

Angani kuna vitu ving'avu, yaani Mwezi na sayari, na kuna vitu hafifu kama nebula na galaksi. Tuanze na ving'avu. Ukitaka kujua Mwezi utatokea na upana gani ndani ya kamera, gawanya urefu wa fokasi wa darubini yako kwa 110. Kwa darubini ya mjomba, 900 kwa 110 ni kama milimita 8. Sensa ya DSLR ya kawaida ina upana wa milimita 24 hivi, kwa hiyo Mwezi unaenea vizuri.

Sasa njoo kwenye Mshtarii, ambayo wengi tunaiita Jupita. Hata ikiwa karibu nasi, kwa darubini hiyo hiyo inatokea na upana wa milimita 0.2 tu. Kwenye sensa yenye pikseli 6,000 kwa upana, Jupita inachukua kama 50. Zilizobaki umezilipia zikapige picha ya giza!

Kinachosaidia kwenye sayari ni kasi. Hewa iliyo juu yetu inatikisika muda wote, ndiyo maana nyota zinametameta. Kamera ndogo ya sayari inarekodi video ya fremu nyingi kwa sekunde. Katika maelfu ya fremu, chache zinakuwa zimenaswa hewa ikiwa imetulia. Programu ya bure kama AutoStakkert inazichagua hizo na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka mikanda ya Jupita inaonekana.

Swali la pili: stendi yako inafuata nyota?

Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Ukiacha kamera wazi kwa sekunde 30 bila mota, nyota inaweza kusogea kiasi cha robo ya upana wa Mwezi, na picha inatoka mistari. Vitu hafifu vinahitaji muda kama huo na zaidi, kwa hiyo bila stendi yenye mota nzuri usijisumbue navyo. Na hiyo mota lazima stendi yake ielekezwe kwenye ncha ya anga. Wenzetu wa kaskazini wana nyota ya Polaris ya kuwaonyesha. Hapa Dar es Salaam Polaris haichomozi, na ncha ya kusini iko nyuzi kama 7 tu juu ya upeo, nyuma ya miembe na taa za mji.

Lakini tuna bahati yetu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, sayari zinapita juu sana, wakati mwingine karibu na utosi, na huko mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo zaidi. Kwa anayeanza hapa kwetu, Mwezi na sayari ndiyo mlango.

Swali la tatu: kamera itafikia fokasi?

Hapa ndipo nilipoumia. Sensa ya DSLR imekaa ndani. Kwenye Canon za lenzi za EF ni milimita 44 kutoka mdomo wa kamera. Darubini nyingi ndogo za kioo haziwezi kurudi ndani kiasi hicho. Lenzi ya Barlow inaweza kuokoa jahazi, ila ni gharama nyingine. Kamera ya sayari inaingia kwenye tundu lile lile la lenzi ya kuchungulia, la inchi 1.25, na sensa yake iko karibu na mdomo. Kabla hujalipa, omba kujaribu kwenye darubini yako.

Basi ununue nini? Anza na simu uliyonayo na kishikizo cha kuifunga kwenye lenzi ya kuchungulia. Piga Mwezi ukiwa nusu, maana vivuli vya mashimo yake vinaonekana vizuri. Punguza mwanga kwenye skrini, weka taima ya sekunde 3 ili mkono usitikise. Ukinogewa, nunua kamera ya sayari, lakini weka laptopu kwenye hesabu maana nyingi haziendi bila hiyo. DSLR iwe ya mwisho, ukishapata mota. Na Jua usilielekezee darubini bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake: jicho halina spea.

Dogo amenunua kishikizo. Juzi alinitumia Mwezi wake, mashimo yanahesabika, na bumu lake bado lipo. DSLR yangu siku hizi inapiga mahafali.