Panlukopenia: Ugonjwa wa Virusi Uwaangamizao Paka Waliookotwa

Katika mji wa Babati, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu iliyozungukwa na mashamba ya mahindi na mbaazi, paka hafugwi kwa ajili ya pambo. Huwekwa ghalani na dukani ili apambane na panya, hasa yule panya wa shambani ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, na ambaye katika misimu fulani huongezeka kupita kiasi, akafukua mbegu kabla hazijaota na kutafuna nafaka baada ya kuvunwa. Hata hivyo paka wengi huzaliwa bila ya kuwa na mwenyewe. Watoto wao huonekana sokoni, kwenye kituo cha mabasi na nyuma ya mabucha, na mara kwa mara mtu mwenye huruma, aghalabu mwanafunzi, huwaokota akawapeleka nyumbani. Siku chache baadaye mmoja huanza kutapika, wa pili humfuata, na kabla ya juma kwisha kikapu huweza kubaki kitupu. Majirani husema paka wamelishwa sumu. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sumu haipo, na kilichowaua ni virusi.

Makala haya yanaeleza ugonjwa mmoja tu miongoni mwa magonjwa ya virusi yawapatayo paka, nao ni panlukopenia. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndio unaowaua watoto wa paka kwa haraka zaidi. Pili, mwendo wake mwilini humfunza mwanafunzi wa baiolojia mambo mengi kuhusu seli, damu na kinga.

Jina lenyewe limeundwa kwa maneno ya Kigiriki: *pan*, yaani -ote, *leukos*, yaani -eupe, na *penia*, yaani umaskini. Ni umaskini wa chembe nyeupe zote za damu. Mwaka 1928 watafiti wawili wa Ufaransa, Verge na Cristoforoni, walionyesha kwamba kiini cha ugonjwa huu hupenya katika chujio liwezalo kuzuia bakteria, na kwa hiyo ni lazima kiwe ni kitu kidogo kuliko bakteria. Leo twajua kuwa ni kirusi cha jamii ya *parvo*, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kidogo. Upana wake ni kiasi cha nanomita 20. Mwanafunzi aweza kukadiria mwenyewe: milimita moja ina nanomita 1,000,000, hivyo virusi 50,000 vikipangwa mstari mmoja vitajaza milimita moja tu. Hadubini ya shuleni haiwezi kuvionyesha. Yahitajika hadubini ya elektroni.

Kwa nini virusi hivi huchagua uboho na utumbo

Kirusi hiki kina uzi mmoja wa DNA wenye viungo vipatavyo 5,000, ambao ni urithi mdogo mno. Katika ufupi huo haimo nafasi ya maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kunakili DNA. Kirusi hulazimika kukiazima kimeng'enya hicho kwa seli kilimoingia, na seli huwa nacho kwa wingi wakati inapojiandaa kugawanyika tu. Basi kirusi cha parvo kikiingia katika seli iliyotulia hukaa bure kikisubiri. Kikiingia katika seli iliyo katika pilikapilika za kugawanyika, huzaana na kuiua.

Ukishalielewa jambo hili, dalili zote za ugonjwa hujieleza zenyewe. Ni wapi mwilini seli hugawanyika upesi? Ni ndani ya uboho, zinamotengenezwa chembe za damu, na katika vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba, vinavyotoa seli mpya kila siku ili kuziba mahali pa zile zilizochakaa. Uboho ukishambuliwa, chembe nyeupe hupungua. Paka mwenye afya ana chembe nyeupe zipatazo 5,500 hadi 19,500 katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa huweza kuwa na chini ya 2,000, na akizidiwa hufikia mia chache tu. Utumbo nao ukipoteza seli zake huwa kama ukuta uliobomoka: maji ya mwili huvuja kwenda nje, na bakteria waliokuwamo utumboni bila madhara huvuka na kuingia katika damu, wakati ambapo askari wa kuwazuia hawapo. Paka hafi kwa kirusi peke yake. Hufa kwa kukaukiwa na maji na kwa bakteria waliofuatia.

Kitoto kilichoambukizwa kikiwa bado tumboni mwa mama yake, au katika siku zake za mwanzo, hupatwa na msiba wa namna nyingine. Wakati huo seli zinazogawanyika kwa wingi ni za serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo iratibuyo mwendo. Kitoto hicho kikianza kutembea huyumba, hutetemeka na kukosea bakuli. Wako watu wanaodhani kimerogwa. Hakina maumivu, hali yake haizidi kuwa mbaya, na kikitunzwa ndani ya nyumba huweza kuishi miaka mingi.

Dalili na uuguzi

Baada ya kuambukizwa hupita siku mbili hadi kumi, mara nyingi chini ya saba, kabla ya dalili kuonekana. Joto la mwili, ambalo kwa paka mzima ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, hupanda kupita 40. Mgonjwa hukataa chakula, hujikunyata, hutapika povu lenye rangi ya nyongo, na baadaye huharisha. Dalili moja huwahuzunisha sana wauguzi: paka huinamia bakuli la maji kwa muda mrefu kana kwamba ana kiu, ila hanywi. Watoto wasiotibiwa hufa kwa wingi, na katika baadhi ya makundi hufa tisa katika kila kumi. Lakini atakayevuka siku tano za kwanza za ugonjwa ana matumaini makubwa ya kupona.

Hakuna dawa iliyozoeleka iuayo kirusi hiki mwilini. Kazi ya muuguzi ni kumbakiza mgonjwa hai mpaka mwili wake utengeneze kinga, na hiyo si kazi ndogo. Jambo la kwanza ni maji. Bana kwa vidole ngozi iliyo kati ya mabega, kisha iachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, maji yamepungua. Tuchukue mfano wa kitoto chenye uzito wa gramu 800 kilichopoteza maji yaliyo sawa na asilimia 8 ya uzito wake. Upungufu ni mililita 64. Mahitaji ya kawaida ya siku, kwa kadirio la mililita 60 kwa kila kilo, ni mililita 48. Jumla ni mililita 112 kwa siku ya kwanza, bila kuhesabu yatakayoendelea kutoka kwa kutapika na kuharisha. Kiasi hicho hakiwezi kupita kinywani mwa mnyama anayetapika. Kumnywesha kwa nguvu ni kumwongezea matapishi, na maji yakipotea njia huingia mapafuni. Ni lazima daktari wa mifugo ayatie kwa sindano mshipani au chini ya ngozi. Daktari huyo ndiye atakayeamua pia juu ya dawa ya kuzuia kutapika na juu ya antibiotiki. Antibiotiki, yafaa ieleweke, haimgusi kirusi. Hutolewa kwa sababu ya wale bakteria wavukao ukuta wa utumbo.

Muuguzi wa nyumbani ana wajibu wake. Usiku wa Babati katika miezi ya Juni na Julai ni wa baridi, na kitoto kisichokula hakiwezi kujitia joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kanga kuukuu, ikiwekwa upande mmoja wa sanduku ili kitoto kiweze kuisogelea au kuiacha, yatosha. Kutapika kukikoma, apewe chakula kidogo kidogo kila baada ya saa chache: kuku au samaki aliyechemshwa bila chumvi wala vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe yasitolewe, maana huzidisha kuhara.

Kosa moja lahitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa hutendwa kwa nia njema. Mtu akiona paka ana homa humpa kidonge cha parasetamoli. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachoiondolea sumu dawa hiyo. Hemoglobini yake hugeuka isiweze kubeba oksijeni, ufizi huwa wa rangi ya udongo, na nusu ya kidonge cha miligramu 500 yaweza kumwua paka mzima.

Wala muuguzi asijisahau mwenyewe. Kirusi cha panlukopenia hakimdhuru binadamu, lakini si kila paka mwenye homa ana panlukopenia. Paka wa mitaani huweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo bila kungoja kuona kama paka atakufa. Vilevile, katika Wilaya ya Mbulu, jirani na Babati, tauni ilizuka mwaka 2007, na paka hula panya. Paka mwenye homa na uvimbe chini ya taya asishikwe na mtu yeyote kabla ya daktari kuitwa.

Kuusafisha mwili ni rahisi kuliko kuisafisha nyumba

Virusi vingi, kama vile vya mafua, vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ikiuyeyusha utando huo virusi hufa. Virusi vya parvo havina utando. Vina gamba la protini lililo gumu, ambalo halijali spiriti wala dawa nyingi za kusafishia, na katika chumba chenye joto la kawaida huweza kudumu hata mwaka mzima. Mbwa, viatu, fagio na mikono ya muuguzi huvihamisha. Kwa hiyo paka anayehudumiwa wa kwanza kila siku awe yule mzima, na mgonjwa awe wa mwisho. Na mgeni akae peke yake kwa siku 14.

Silaha nafuu ni maji ya klorini ya kufulia nguo. Yenye nguvu ya asilimia 3.5 yakichanganywa kikombe kimoja kwa vikombe 20 vya maji, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.17 hivi, nao ukikaa sakafuni kwa dakika 10 huviangamiza virusi. Lakini kinyesi na matapishi huimaliza nguvu klorini. Sharti yaoshwe kwanza kwa sabuni. Mkojo nao una amonia, ambayo ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu, basi madirisha yafunguliwe. Sakafu ya udongo haitakasiki kwa njia hii. Mahali hapo pasiletwe kitoto kisicho na chanjo kwa muda wa mwaka.

Jirani zao simba

Kwa Kiingereza panlukopenia huitwa pia distempa ya paka, na jina hilo limewapotosha wengi, kwani kirusi cha distempa ya mbwa ni cha jamii nyingine kabisa, jirani wa kirusi cha surua. Paka wa nyumbani haugui kwa distempa ya mbwa, simba huugua. Mwaka 1994 kirusi hicho kiliingia katika simba wa Serengeti, kikasambaa hadi Maasai Mara nchini Kenya, na theluthi moja hivi ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, walikufa au kutoweka. Mbwa wa vijiji vya jirani walishukiwa kuwa ndio chanzo. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba wanyamapori nao hushiriki kukiendeleza kirusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliongeza jambo la kushangaza: ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, na simba waliowala nyati hao walipata kwa wingi vimelea vya babesia. Kirusi kiliivunja kinga, babesia wakaua. Mwendo ni ule ule wa panlukopenia na bakteria wa utumboni.

Kirusi cha panlukopenia nacho huweza kuwashika simba, chui na paka mwitu, na tena hubadilika. Mnamo mwaka 1978 iligunduliwa kwamba kirusi cha jamaa yake wa karibu kimepata uwezo wa kuingia katika seli za mbwa. Katika muda wa miaka miwili hivi parvo ya mbwa ilikuwa imeenea duniani kote.

Hesabu ya chanjo

Chanjo ipo, nayo hufanya kazi vizuri mno. Ugumu wake uko katika siku za kuitoa. Kitoto hupokea kingamwili za mama hasa kwa njia ya dang'a, yaani maziwa ya siku ya kwanza. Kingamwili hizo hupungua kwa nusu kila baada ya siku kumi hivi: zikiwa 64 leo, siku ya 10 ni 32, siku ya 20 ni 16, siku ya 40 ni 4. Zikiwa nyingi humkinga mtoto, ila pia huua chanjo. Zikifikia kiwango fulani cha katikati huwa hazitoshi tena kumzuia kirusi halisi, na bado zatosha kuiharibu chanjo. Pengo hilo ndilo linalowapata watoto wengi wa paka waliookotwa. Nasi hatujui mama alikuwa na kingamwili ngapi, kwa sababu mama mwenyewe hatumjui. Ndiyo maana chanjo huanza katika juma la sita hadi la nane na kurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi juma la 16 au zaidi. Si kwamba kila sindano huongeza kinga, bali hatujui ni ipi itakayoshika. Chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa isitolewe kwa paka mwenye mimba wala kwa kitoto kisichotimiza majuma manne, kwa sababu ya ile serebela tuliyoieleza.

Chanjo hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi katika bomba la sindano. Kutoka Arusha hadi Babati ni kiasi cha kilomita 170, na sanduku lenye barafu lililofungwa vema huistahimili safari hiyo. Wenye paka wa mtaa mmoja wakikubaliana siku moja na kumwarifu daktari wa mifugo mapema, gharama ya safari hugawanywa, na chanjo hutumika yote kabla barafu haijayeyuka.