Kushuka Empakaai kwa Siku Moja: Piga Hesabu Kuanzia Kupanda

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kreta ya Empakaai, kaskazini mashariki mwa eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, inaugeuza msemo huo: unashuka asubuhi ukiwa na nguvu, kisha mlima unakungoja mchana, miguu ikiwa imechoka. Kwa hiyo panga siku yako kwa kufikiria kupanda kwanza. Ukifanya hivyo hutakimbizana na saa, na asiyekimbizana na saa ndiye anayewaona wanyama.

Kreta hii ina upana wa kilomita sita hivi, na ziwa la magadi limefunika sehemu kubwa ya sakafu yake. Kuta zake zimevaa msitu mnene, na sehemu za juu za ukingo hupita mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi huko. Hata mzoefu wa kutembea akitoka Pwani atahema mapema kuliko alivyotarajia.

Panga saa zako

Lala Karatu, uondoke alfajiri ili uwe kwenye geti la Lodoare linapofunguliwa. Kutoka hapo barabara inapita ukingo wa kreta kubwa ya Ngorongoro hadi Nainokanoka, ambako kwa kawaida ndiko anakochukuliwa askari wa wanyamapori mwenye silaha. Huruhusiwi kushuka bila yeye, hivyo kamilisha vibali na malipo siku moja kabla. Njia ni ya vumbi na makorongo, nayo inahitaji gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne.

Kushuka hadi ziwani huchukua kama dakika 45. Kwa kupanda, tenga mara mbili ya muda huo. Ukifika chini saa tano asubuhi, anza kurudi si zaidi ya saa saba mchana, hata kama bado unatamani kukaa. Gari nalo lina safari ndefu ya kurudi, na giza halifai kukukuta ndani ya hifadhi.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri zaidi. Wakati wa masika njia huteleza vibaya na ukungu hufunika ziwa lote.

Beba vinavyofaa

- Maji lita mbili hadi tatu kwa kila mtu. Maji ya ziwa ni ya magadi, hayanyweki. Weka angalau nusu ya maji yako kwa ajili ya kupanda.
- Viatu vya kufunika kifundo, vyenye soli ya meno, na fimbo ya kutembelea.
- Suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Kando ya njia kuna mimea inayowasha ngozi.
- Koti la baridi na la mvua. Asubuhi ukingoni kuna baridi kali.
- Darubini, pamoja na chakula ulichokifunga vizuri. Usitumie mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 2019.

Msituni: tembea kwa mstari, sema kidogo

Askari atangulie, ninyi mfuate mmoja nyuma ya mwingine. Humu wamo nyati, na nyati aliyeshtuliwa kwa karibu ndiye hatari kubwa kuliko zote. Askari akiinua mkono, simama palepale. Usikimbie wala usipige kelele. Subiri akuambie pa kupita.

Kila baada ya muda simameni dakika chache bila kuongea. Hapo ndipo utasikia matawi yakitikisika kwa kima, au utamwona pongo akivuka njia. Usiwape kima chakula: wakizoea watu hugeuka wanyang'anyi, na mgeni anayekuja baada yako ndiye atakayeumia.

Ufukweni: waache heroe wale

Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, hufuata viumbe vidogo vya mwani vinavyomea kwenye maji ya magadi. Chakula hicho ndicho kinachowapa rangi ya waridi. Huinamisha kichwa hadi mdomo ugeuke juu chini, kisha huchuja maji. Kwa kuwa ziwa hili lina kina kirefu, hukusanyika zaidi pembeni, kwenye maji ya kina kifupi, yaani palepale unapofika wewe.

Sogea polepole, kisha utazame shingo zao. Wakiinua vichwa na kuanza kutembea pamoja, umekaribia kupita kiasi: rudi nyuma, ukae chini, utumie darubini. Kundi likiruka kwa sababu yako, limepoteza mlo na nguvu, nawe umepoteza ulichokuja kukiona. Usirushe jiwe wala kupiga makofi ili upate picha.

Kupanda na kurudi

Anayekwenda polepole kuliko wote awe mbele, nyuma ya askari, ili yeye ndiye awapangie mwendo. Pumzikeni kabla hamjachoka, mkinywa maji kidogo kidogo. Kichwa kikiuma sana au mtu akipata kizunguzungu, mwambieni askari mara moja.

Njiani mtapita maboma na mifugo ya Wamasai, ambao hifadhi hii ni makazi yao. Salimieni, mkaombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkikataliwa mkubali. Taka zote zirudi nanyi hadi Karatu, hata ganda la ndizi.