Vipimo ni Safi, Mbona Bado Naumwa?

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunawaletea somo juu ya ugonjwa ambao wengi tunaishi nao majumbani bila kuujua jina. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ugonjwa huu una tabia ya kujificha wenyewe, hata mbele ya daktari.

Tuchukue mfano wa mama wa makamo anayefika zahanati. Analalamika kuwa kichwa kinawaka moto, moyo unamwenda mbio, mwili unamchoma, na usingizi hukatika usiku wa manane. Anapimwa malaria, hakuna. Anapimwa mkojo, ni safi. Anapewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudi nyumbani. Baada ya wiki mbili amerudi tena, na safari hii anaambiwa huenda ni vidonda vya tumbo. Mara ya tatu majirani wanaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Fedha ya akiba imekwisha, shamba limeota majani, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza: "Mama, moyoni ukoje?"

Mama huyu tumemtoa kama mfano tu, lakini tabibu yeyote aliyefanya kazi zahanati anamfahamu. Yawezekana kabisa kwamba anaugua sonona.

SONONA NI NINI?

Kwanza tutofautishe huzuni na ugonjwa. Mtu akifiwa, akikosa mavuno au akiachwa na mwenzi wake, lazima ahuzunike. Huo ni ubinadamu. Huzuni ya namna hiyo huja na kuondoka. Mtu hulia, kisha akitembelewa na ndugu huweza hata kucheka.

Sonona ni tofauti. Hukaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, na humzuia mtu kufanya kazi zake. Dalili zake kuu ni mbili:

1. Moyo kuwa mzito, mtu kujisikia mnyonge au kukata tamaa.
2. Kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda zamani, kama vile kwaya, mpira, bustani, hata kucheza na watoto wake.

Pamoja na mojawapo ya hizo, au zote mbili, huwapo nyingine kadhaa: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula au kula mno, kuchoka bila kazi, kushindwa kutuliza mawazo, kuwa mzito wa mwendo na maneno, au kutotulia, kujiona hafai na kujilaumu, na kuwaza kuwa afadhali kufa.

KWA NINI HUJIFICHA?

Sababu ya kwanza ni kwamba sonona huumiza mwili kweli. Mgonjwa hadanganyi anaposema kichwa kinauma. Naye akifika mbele ya daktari husema kile kinachosemeka: kichwa, mgongo, tumbo. Mambo ya moyoni hubaki nyumbani.

Sababu ya pili ni aibu. Wengi wetu tukisikia maradhi ya akili, mawazo huruka moja kwa moja hadi Hospitali ya Mirembe, Dodoma, na mtu aliyefungwa kamba akipelekwa huko. Hatufikirii mwalimu anayefundisha kila siku akiwa amechoka kuishi, au mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita na hana furaha na mtoto wake.

Tena kwa wanaume mara nyingi ugonjwa huu huvaa vazi jingine. Baba huwa mkali kwa jambo dogo, au huanza kunywa sana. Nasi tunamlaumu kwa ulevi, kumbe ulevi wenyewe ni moshi. Moto uko ndani.

TABIBU HUITAMBUAJE?

Katika nchi nyingine kila jamaa ina daktari wake wa familia anayewajua wote tangu utotoni. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na tabibu wa zahanati au kituo cha afya. Yeye si bingwa wa magonjwa ya akili, wala si lazima awe. Sonona nyingi zinaweza kutambuliwa na kutibiwa hapo hapo.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoonyesha sonona. Kipimo chake ni maswali. Tabibu makini huanza na mawili: "Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukijisikia mnyonge au kukata tamaa? Je, umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo?" Mgonjwa akijibu ndiyo, hata kwa swali moja, huulizwa zaidi.

Lipo dodoso la maswali tisa lililotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001, ambalo limetafsiriwa pia kwa Kiswahili na kutumika katika hospitali za Tanzania na Kenya. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kadiri dalili inavyomjia mtu mara nyingi. Jumla ya juu kabisa ni 27. Anayefikisha 10 au zaidi huhitaji kuangaliwa kwa makini. Lakini alama peke yake si hukumu. Tabibu lazima aangalie pia mambo haya:

Je, kuna ugonjwa mwingine unaofanana? Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kisukari na virusi vya UKIMWI vyaweza kumchosha mtu na kumwondolea raha. Ndiyo maana vipimo bado vina maana.

Je, anakunywa pombe, na kiasi gani? Je, anatumia dawa nyingine?

Je, zamani aliwahi kuwa na siku za uchangamfu uliopita kiasi, halali wala hachoki, anasema bila kukoma na kutapanya fedha? Kama ndiyo, huo huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa za sonona peke yake zaweza kumdhuru.

Na swali la mwisho, ambalo wengi huliogopa: "Je, umewahi kuwaza kujiua?" Watu hudhani kuuliza hivyo ni kumfundisha mgonjwa. Sivyo. Kuuliza hakupandi wazo hilo. Mara nyingi humpa mgonjwa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake.

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Tabibu mwenye foleni ya watu hamsini hawezi kuyasoma ya moyoni. Tumwambie: "Daktari, kichwa kinauma, lakini pia sina raha tangu mwezi uliopita." Sentensi hiyo moja yaweza kuokoa miezi mingi ya kuhangaika.

MATIBABU

Sonona hutibika. Ikiwa nyepesi, mara nyingi mazungumzo na marekebisho ya maisha hutosha: kulala na kuamka saa zile zile, kutembea au kufanya kazi ya mwili kila siku, kuacha pombe, na kurudia kidogo kidogo mambo yaliyompa mtu furaha, hata kama hamu bado haijarudi. Hamu huja nyuma ya tendo.

Wengine watauliza, mazungumzo yanaponyaje? Tutazame wenzetu wa Zimbabwe. Kwa Kishona hali hii huitwa kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, pamoja na wanawake wazee 14 waliokuwa wahudumu wa afya. Mgonjwa hukaa na bibi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hutaja shida zake zote, huchagua moja, hutafuta mwenyewe hatua ya kuchukua, huenda kuijaribu, kisha hurudi kueleza. Bibi husikiliza na kuuliza, hahukumu.

Matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 kwa wagonjwa 573 yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, katika kila wagonjwa 100 waliokaa kwenye benchi, wapatao 14 walikuwa bado na sonona. Kwa waliopata huduma nyingine za zahanati bila benchi, walikuwa wapatao 50. Mfano huo umefuatwa pia Malawi na Zanzibar.

Sonona ikiwa nzito zaidi, daktari huweza kuongeza dawa. Zinazopatikana sana kwetu ni amitriptilini na fluoksetini. Tuzingatie mambo matano:

1. Dawa hizi hazifanyi kazi siku ile ile. Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4, na pengine zaidi. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai.
2. Maudhi hutangulia nafuu. Amitriptilini hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo. Fluoksetini yaweza kuleta kichefuchefu. Mara nyingi hupungua kadiri siku zinavyopita. Mweleze daktari.
3. Akipona, mgonjwa asiache dawa. Aendelee kwa miezi kadhaa baada ya dalili kwisha, kisha zipunguzwe polepole kwa maelekezo ya daktari.
4. Amitriptilini ikinywewa kwa wingi ni hatari kwa moyo na yaweza kuua. Ndugu azitunze. Wazee na wenye maradhi ya moyo wamweleze daktari hali yao kabla ya kupewa.
5. Vidonge vya usingizi, kama diazepamu, si tiba ya sonona, na huzoeleka upesi. Tusivinunue dukani kwa shauri la jirani.

Mgonjwa asiyepata nafuu, anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayekataa kula na kunywa, apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa bila kuchelewa.

SISI NDUGU TUFANYE NINI?

Tuache kusema "jikaze" na "wenzako wana shida kuliko wewe." Mwenye mguu uliovunjika haambiwi ajikaze akimbie. Wala tusimwambie kuwa imani yake ni haba. Anaweza kusali rozari yake na kumeza dawa yake, na kimoja hakiondoi kingine. Tukae naye, tumsikilize, tumsindikize zahanati, tumkumbushe tarehe ya kurudi.

Na akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, tusichukulie kuwa ni maneno tu. Asiachwe peke yake hata kidogo. Tuondoe nyumbani sumu za shamba na akiba ya dawa, na siku hiyo hiyo tumpeleke hospitali.

Tukirudi kwa mama yetu wa mwanzo: mara ya nne alipofika zahanati, hakuhitaji mashine mpya wala dawa ya bei kubwa. Alihitaji mtu wa kumwuliza swali moja na kulingoja jibu. Mtu huyo anaweza kuwa tabibu. Lakini kabla hajafika kwa tabibu, anaweza kuwa mimi au wewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, watu hutumia maneno gani kueleza sonona bila kuitaja jina?
2. Ni nani kati yetu ameacha kuja jumuiya siku hizi, na nani atakwenda kumtembelea wiki hii?
3. Kwa nini mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu asiache dawa zake?